MAONI: Kijana wa Kericho, kazi ya reli inaanzia chini ya meza

Nikikuambia utafute kipande cha mbao, ukitoboe tundu, kisha ujilaze chali chini ya meza ukifunga mota ndogo ya kugeuza reli ya treni ya mfano, najua utakachosema. Utasema huo ni mchezo wa watoto wa mabwanyenye. Ama utaniuliza, tena kwa haki, treni na Kericho wapi na wapi? Huku kwetu ni majani chai, mvua ya alasiri na bodaboda.

Basi tuanze na hilo. Kericho mjini hakuna reli, kweli. Lakini kaunti hii ina reli tangu 1901, kabla ya kampuni kubwa za chai kufika. Garimoshi likitoka Nakuru hupanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, halafu linaanza kuteremka kupitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan hadi Muhoroni na Kisumu. Kipkelion unayoijua wewe ndiyo stesheni iliyoitwa Lumbwa, jina ambalo Wazungu waliwabandika Wakipsigis. Kwenye miteremko hiyo ya Mau kulihitajika madaraja 27 ya chuma, na kazi hiyo ilipewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company. Na katika miaka hiyo hiyo, wapiganaji wa Nandi walikuwa wakichomoa bolti za reli na waya za telegrafu wakazigeuza silaha na mapambo. Wazee wale waliifungua reli kwa mikono yao. Sisi, zaidi ya miaka 120 baadaye, hatujui hata inafungwa vipi.

Hapo ndipo shida yangu ilipo. Si treni. Ni nani anayeijua.

Ramani ya kuendeleza SGR kutoka Naivasha hadi Kisumu inapitia Narok na Bomet. Itafika lini, hiyo ni siasa, na siasa tumewaachia wenye vipaza sauti. Lakini siku ikifika, wewe unajua vile huwa. Kutakuwa na foleni ya vijana asubuhi na mapema, kitambulisho mkononi, kila mmoja akiomba kazi. Wengi watapewa koleo. Wengine watapewa rungu na koti la kulinda saruji usiku. Halafu kutakuwa na kijumba kidogo kando ya njia, chenye waya, mota na taa, na atakayeingia humo ni mtu ametoka mbali na begi la vifaa. Sisi tutalalamika redioni kwamba wenyeji wametengwa. Huenda tutakuwa na haki. Ila malalamiko hayajawahi kumfundisha mtu kusoma mchoro wa umeme.

Ndiyo maana nasema tuanze na meza.

Kwanza uelewe tunazungumzia nini. Pale njia moja ya reli inapogawanyika ikawa mbili, watu wa reli hupaita pointi. Dereva wa treni hana usukani. Hawezi kuamua aende kushoto ama kulia. Anayeamua ni vyuma viwili vyembamba vilivyochongoka, tuviite ndimi, ambavyo husukumwa kwa pamoja. Ulimi mmoja ukibana kwenye reli, mwingine unaachana na wa upande wake, na gurudumu linafuata njia iliyofunguliwa. Kwenye stesheni nyingi za reli ya zamani kazi hiyo ilifanywa na mtu aliyeshika wenzo mzito wa chuma, mvua imnyeshee, jua limchome. Kwenye reli mpya inafanywa na mota, na anayeiamuru ameketi mbali mbele ya skrini.

Treni ya mfano ina pointi hizo hizo, ndogo tu. Kwenye kipimo kinachopendwa sana duniani, kitu halisi hugawanywa kwa 87. Behewa la mita 20 linakuwa kama sentimita 23. Reli yenye upana wa milimita 16.5, ukizidisha kwa 87, inakupa milimita 1,435, na huo ndio upana wa SGR. Reli yetu ya Londiani na Kipkelion ni ya mita moja kamili, kwa hivyo kwa kipimo hicho inatoka milimita 11.5. Yaani ukitaka kujenga Kipkelion ya kweli huwezi kununua tu reli ya dukani na kuiweka. Lazima upige hesabu. Napenda sana jambo hilo.

Sasa mota. Unaweza kuifunga juu ya meza, kando ya reli, na itafanya kazi. Lakini itaonekana kama tangi la maji lililoangushwa katikati ya stesheni. Ndiyo maana wajenzi huificha chini ya meza, wakapitisha waya mmoja wa chuma kwenye tundu hadi kwenye upau unaounganisha ndimi mbili. Juu unaona ndimi zikisogea zenyewe polepole. Chini ndiko kuna kazi.

Kuna aina tatu unazofaa kujua. Ya kwanza ni solenoidi: koili mbili na chuma katikati. Ukibonyeza kitufe, umeme unapita kwa mpigo mmoja, chuma kinaruka, pap! Ni rahisi kuelewa, lakini ina hasira. Ukishikilia kitufe sekunde kadhaa koili inaungua, na moshi wake utaukumbuka. Ndiyo maana watu huweka kapasita kubwa inayojaa umeme kisha inautoa wote mara moja, hata kidole kikikwama juu ya kitufe hakuna kitu kinachoungua. Ya pili ni mota inayozunguka polepole hadi ikwame, halafu inabaki pale ikiendelea kusukuma. Maarufu zaidi ni Tortoise, yaani kobe, na jina limeifaa. Inatumia volti 12, inachukua kama sekunde tatu kugeuza, na ikikwama inakula umeme mdogo mno, karibu miliampea 15 tu, kwa hivyo haiungui. Shida ni kwamba ni ya kuagiza ng'ambo, na ukijumlisha usafiri na ushuru unaanza kujiuliza kama si afadhali ununue mbuzi.

Ya tatu ndiyo yetu. Ile sevo ndogo ya gramu 9 ambayo wanafunzi wa roboti huinunua Luthuli Avenue, Nairobi, na kutumiwa kwa matatu. Inatumia volti 5. Inasikiliza mapigo ya umeme, 50 kila sekunde, na urefu wa kila pigo, kati ya milisekunde moja na mbili hivi, ndio unaoiambia mkono wake ukae wapi. Ubao wa Arduino unatosha kuiamrisha, na mmoja unaweza kushika pointi za stesheni nzima. Bei ya sevo hiyo ni ya sahani chache za chipsi, hivyo usiniletee ile hadithi ya mabwanyenye. Na kama hata hiyo imekushinda, nenda kwa fundi wa redio mtaani umwombe mashine ya DVD iliyokufa. Ndani yake kuna mota inayosukuma sahani nje na ndani, pamoja na meno yake. Kwa wale wa gereji, mota ya kufunga milango ya gari iliyotolewa kwa gari la ajali pia inasukuma vizuri, ingawa ina nguvu za punda na itabidi uitulize.

Kazi yenyewe ya kufunga inadai akili kuliko inavyoonekana. Toboa tundu kabla ya kulaza reli, si baada. Weka pointi mahali pake, weka alama ya penseli chini ya upau, ondoa pointi, ndipo utoboe. Tundu liwe refu kidogo kuelekea upande waya unakosogea, maana likiwa duara dogo waya utagonga ukuta wa mbao kabla ndimi hazijabana. Chungulia chini kwanza uhakikishe hakuna mhimili wa meza hapo. Utashangaa ni mara ngapi mhimili huwa umekaa palepale pointi inapotakiwa.

Waya nao. Spoku ya baiskeli ni nene mno, haipindi. Klipu ya karatasi ni laini, itapinda na kubaki imepinda. Unachotaka ni waya unaopinda kidogo kisha unarudi, kwa sababu ile nguvu ya kurudi ndiyo inayobana ulimi kwenye reli. Kericho Mungu ametujalia miamvuli iliyovunjika. Ule mwamvuli wa kukunja una vijiti vyembamba vya chuma kwenye maungio yake. Jaribu hivyo.

Halafu kuna egemeo. Waya hausukumwi hivi hivi. Unapita kwenye kitundu cha kibao kidogo kilicho kati ya mota na reli, na hapo ndipo unapogeukia. Egemeo likiwa katikati, kiasi waya unachosogea chini ndicho utakachosogea juu. Ukilipandisha karibu na reli, mwendo wa juu unapungua. Ukilishusha, unaongezeka. Ndimi zinahitaji milimita mbili ama tatu tu, kwa hivyo unapandisha na kushusha mpaka ipatikane. Nyenzo na egemeo ulizifanyia mtihani, ukapata alama, ukasahau. Hapa huwezi kusahau kwa sababu treni inaanguka.

Mota usiifunge moja kwa moja kwenye meza. Ifunge kwanza kwenye kijibao, ukiwa umekaa, ukiiona vizuri. Ijaribu hapo. Kisha ndipo unapanda nayo chini ya meza na skrubu mbili. Mtu aliyelala chali akiwa na bisibisi mkono mmoja, tochi mdomoni na vumbi la mbao machoni hafai kuwa anafikiria mambo mengi. Bora zaidi, jenga meza kwa vipande unavyoweza kuvigeuza ubavu, ufanye kazi ukiwa umesimama kama binadamu. Na kila waya uandike jina lake. Waya isiyo na jina ni deni, na atakayelilipa ni wewe mwenyewe baada ya miezi sita.

Neno moja kuhusu mbao, kwa vile hii ni Kericho. Zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa, ambazo mafundi wa kabati wanazipenda, zikivuta unyevu zinafura. Tundu linaziba, kibao kinapinda, egemeo linahama. Kwa hali ya hewa ya huku tumia plaiwudi nzuri ama saiprasi iliyokauka, na uipake rangi pande zote mbili, hata ule wa chini usioonekana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo wanaoanza huliruka.

Kwenye paneli yako utaweka taa mbili: kijani, njia kuu, nyekundu, njia ya kando. Njia rahisi ni kuiunganisha taa kwenye kitufe. Ukibonyeza kitufe cha njia kuu, taa ya kijani inawaka. Inapendeza. Lakini jiulize taa hiyo imekuambia nini. Imekuambia kwamba umebonyeza kitufe, kitu ambacho ulikuwa unakijua tayari. Haijakuambia kwamba ndimi zimesogea. Waya unaweza kuwa umechomoka, sevo imekufa, kijiwe kimekwama kati ya ulimi na reli, na taa inakuonyesha kijani huku treni inaelekea kwingine.

Dawa yake ni swichi ndogo chini ya meza, inayoguswa na waya ule ule unaosukuma ndimi, ama na ulimi wenyewe ukiweza. Taa iwashwe na swichi hiyo, si na kitufe. Ndimi zisipofika, taa isiwake. Kuna wanaoona hiyo ni kazi ya ziada bure. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe.

Tarehe 2 Juni 2023, katika stesheni ya Bahanaga Bazar jimbo la Odisha, India, treni ya Coromandel Express ilipewa taa ya kijani ya kupita njia kuu. Pointi ilikuwa imegeuzwa kwenda njia ya kando, ambako treni ya mizigo ilikuwa imesimama. Watu zaidi ya 280 walikufa. Uchunguzi ulirudi kwenye waya: mafundi walikuwa wamefanyia kazi saketi za stesheni hiyo na zikaunganishwa vibaya, mfumo ukaamini jambo ambalo halikuwa kweli. Uingereza nako, Potters Bar, tarehe 10 Mei 2002, pointi ililegea kwa kuwa nati zake hazikuwa zimekazwa, ndimi zikahama treni ikiwa juu yake, na watu saba wakafa. Nati tu. Vitu unavyoviona vimejaa kwenye kopo la fundi wa baiskeli.

Mtu aliyewahi kufunga swichi ile chini ya meza, akaona taa inakataa kuwaka kwa sababu ulimi umebaki nje nusu milimita, hawezi kusoma habari za Odisha kama unavyosoma habari nyingine. Yeye anajua mahali pa kuangalia. Mtu kama huyo namtaka katika kile kijumba kando ya reli, na sioni kwa nini asitoke Bureti, Belgut ama Sotik.

Najua bado kuna wewe unayesema, sawa, lakini mimi nataka mambo ya kompyuta, si ya treni. Vizuri. Katika chuo cha MIT, Marekani, kuna klabu ya treni za mfano iliyoanzishwa 1946. Wanachama waligawanyika makundi mawili. Wengine walipenda mambo ya juu ya meza, kupaka behewa rangi na kupanda miti ya bandia. Wengine walikaa chini ya meza na relei za simu zilizotupwa, wakiunganisha waya za kugeuza pointi. Wale wa chini ndio waliokuja kukesha usiku kwenye kompyuta za kwanza za chuo. Mwaka 1962 mmoja wao, Steve Russell, na wenzake wakamaliza Spacewar!, moja kati ya michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta, na vidhibiti vyake vya mkononi vikatengenezwa kwa vipuri vya klabu ya treni. Hata maana ya neno "hacker" kwenye kompyuta ilikulia pale. Kwa hivyo FIFA unayocheza sebuleni ina babu aliyelala chali chini ya meza ya treni.

Hapa nyumbani hadithi ya mashine imekuwa tofauti, na lazima tuiseme. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto mashambani Kericho, polisi wakakabiliana na waandamanaji. Hasira ile haikutoka hewani. Mashine moja inachukua kazi ya watu wengi, na watu hao wana karo ya kulipa. Sitamhubiria mama aliyepoteza kibarua eti akajifunze Arduino. Hilo ni tusi. Nakuambia wewe wa miaka 19, kwa sababu mashine zilizobaki bado zinaharibika, na kila zinapoharibika kuna mtu anayeitwa. Kiwanda cha chai chenyewe kimejaa mota, mikanda na swichi zinazosema "nimefika" ama "sijafika". Kanuni ni ile ile ya meza. Aliyefunga sevo sita chini ya ubao wa futi nne haogopi kufungua kifuniko cha paneli, ingawa namwomba azime umeme kwanza. Volti 5 hukusamehe, umeme wa kiwanda hausamehi.

Kwa walimu wa vyuo vya ufundi huku kwetu, nina ombi ambalo halihitaji bajeti ya kaunti. Ubao mmoja, pointi moja, sevo moja, swichi moja, taa mbili. Wape vijana watano wiki mbili. Mwisho wa wiki ya pili, mwalimu ajifiche aweke kijiti cha kiberiti kati ya ulimi na reli, kisha abonyeze kitufe. Kundi ambalo taa yao itawaka kijani wamefeli, hata kama stesheni yao imepakwa rangi ikapendeza kushinda zote.

Na kwako wewe usiye chuoni, usisubiri kununua treni. Treni ni kitu cha mwisho. Unaweza kujenga pointi moja kwa vipande vya bati na kibehewa cha magurudumu ya gari la mtoto, ukakisukuma kwa kidole. Wenzako wakikuuliza treni iko wapi, waambie bado iko Londiani inateremka. Desemba 2021 treni ya abiria ya Kisumu ilirudi njiani baada ya ukimya wa miaka, kwa hivyo si uongo mkubwa.

Na mwamvuli wako ukivunjwa na upepo wiki hii, usiutupe.